Yehova Shamba

Kalunde alipoinama kutupa udongo kaburini kwa baba mdogo Gervasi, alisema neno moja, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyesimama mlangoni kwa watu: "Hodi." Wanawake wa Karema waliokuwa nyuma yake walitazamana. Mmoja akamshika kiwiko, akidhani huzuni imemzidi, akamwambia, "Pole mwanangu, njoo ukae kivulini." Mimi na Paskali tulitazama chini, kila mtu kwenye viatu vyake, maana tungetazamana tungecheka, na waombolezaji wasingetuelewa. Baada ya maziko tulirudi Mpanda sisi watatu katika gari moja, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miaka mingi. Paskali ni fundi wa magari Tabora, Kalunde ni muuguzi Kigoma, na mimi Veronika, mkubwa wao, nimebaki Makanyagio, hapa Mpanda, katika nyumba ile ile. Njia nzima ya vumbi, kutoka ziwani hadi mjini, hatukuzungumza habari za ugonjwa wa baba mdogo. Tulizungumza habari za mwaka ule aliotaka kututawanya, na za jina la Mungu ambalo Kalunde alilikosea alipokuwa na miaka sita, na ambalo mimi hadi leo nalikosea vile vile kwa makusudi ninaposali peke yangu.

Mwaka huo ulianza siku tulipoondoa matanga ya mama. Baba alikuwa ametangulia zamani. Sebule yetu ilikuwa ndogo, yenye viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa alivyofuma mama kwa mkono wake, na siku hiyo ilijaa ukoo mzima, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kwenye njia ya kuendea jikoni, nimeshika sinia la vikombe vya chai ya rangi. Nikawasikia wakitugawa. Hawakutugawa kwa ubaya. Walitugawa kama watu wanavyogawana mizigo ya msafiri aliyechoka, kila mmoja achukue anachoweza kubeba. "Paskali nitakwenda naye Karema," baba mdogo alisema. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na migebuka, mtu wa sauti kubwa iliyozoea kushindana na injini za mitumbwi. "Huyu mdogo aende kwa shangazi yake Inyonga." Mtu akauliza, "Na Vero?" Baba mdogo akajibu, "Vero si mtu mzima? Vero ana pa kwenda." Nilisimama pale na sinia langu nikitafuta kichwani pa kwenda penyewe ni wapi. Sikupaona.

Nikaingia. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kusema mbele ya wakubwa bila kuulizwa, lakini niliweka sinia chini, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa, nikasema, "Baba mdogo, sisi hatuendi. Tunabaki hapa." Mtu akakohoa. "Utawalisha nini?" baba mdogo akauliza. "Vitabu vya kidato cha pili?" Nikamwambia, "Shamba la Misunkumilo lipo." Akasema, "Shamba lipo, mkulima hayupo. Mwanangu, nyumba isiyo na mtu mzima ni kibanda cha kulindia ngedere." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Aliyeniokoa ni shangazi, ambaye nadhani hakuwa na hamu sana ya kuongeza mtoto mwingine nyumbani kwake. "Mpe mpaka mavuno," akasema. Baba mdogo akanitazama. "Haya. Mpaka mavuno. Nikikuta kihenge kitupu, nakuja na lori, na hapo sitaki kusikia neno." Juma lililofuata nilirudisha vitabu shuleni. Sketi ya shule niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na baadaye nikaikata nikamshonea Kalunde ya kwake.

Ninachokumbuka zaidi katika majuma yale ya kwanza ni mlango. Mama alikuwa akiuza maandazi, kwa hiyo watu walizoea kuja kwetu, na wengine walikuwa hawajapata habari za msiba. Wanasimama nje wanaita kama watu wanavyoita kila mahali, "Hodi. Wenyewe wapo?" Siku moja nilikuwa sebuleni nachambua mchele, na Kalunde alikuwa amekaa kizingitini. Mtu akaita. Kalunde akajibu, bila hata kugeuka, "Hawapo." Yule mtu akaenda zake. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, Paskali alikuwa uani anapasua kuni, na mtoto alikuwa amejibu kweli tupu kama alivyoielewa yeye. Wenyewe hawakuwapo. Jirani yetu, Mama Zuberi, mwanamke wa Kiislamu wa Ujiji aliyekuwa na ulimi mwepesi na moyo mkubwa, alisikia kutoka upande wake wa ua. "Nyie watoto," akasema juu ya ukuta wa mabanzi, "mnawatangazia wezi? Mkiulizwa wenyewe wapo, semeni tupo." Kalunde akamwuliza, "Sisi ndio wenyewe?" Mama Zuberi akarudi jikoni kwake, na jioni akatuletea bakuli la maharage.

Kanisa letu lilikuwa Kawajense, upande mmoja mabati, upande mwingine turubai, likisubiri waumini wapate nguvu. Aliyelitunza alikuwa Mwinjilisti Masanja, Msukuma aliyehamia Katavi na ng'ombe wa baba yake, mrefu, mwenye kucheka ovyo. Herufi ya r ilikuwa imemshinda tangu utoto. Mimi alikuwa ananiita Velonika, na siandiki hapa matamshi yake mengine, kwa sababu nikiyaandika nitaonekana namdhihaki mtu ninayempenda. Msimu ule aliamua kuwafundisha watoto majina ya Mungu ya Kiebrania, kila Jumapili jina moja. Paskali alijiona mkubwa, hakwenda. Kalunde hakukosa. Alirudi na Yehova Yire, Mungu atoaye, akalitangaza wakati wa ugali. Akarudi na Yehova Rafa, Mungu aponyaye, na hilo tulilipokea kimya, kwa sababu kitanda cha mama kilikuwa bado kimeegemezwa ukutani. Kisha ikaja Jumapili ya mvua kubwa, mvua ile ya kwanza inayopiga mabati mpaka mhubiri anaonekana anatafuna tu. Kalunde akaja amelowa, akavua nguo, akakaa karibu na moto. "Dada, Mungu wa leo anaitwa Yehova Shamba."

Paskali alicheka mpaka tonge likamtoka mkononi. "Yehova Shamba," akasema. "Na mke wake Yehova Jembe." Kalunde hakucheka. "Mwinjilisti amesema maana yake ni kwamba yupo pale. Yupo palepale. Yupo shambani." Nikamwambia amesikia vibaya, lakini sikujua jina lenyewe ni lipi, na mtu asiyejua jibu hawezi kumsahihisha mtoto wa miaka sita. Jumatatu tulipokwenda Misunkumilo kulima, alituacha tukatangulia, naye akasimama kwenye ukingo, pale majani yanapokoma na udongo unapoanza. "Hodi," akaita. Paskali akaanza kucheka tena, nikamfinya. Kalunde akasubiri kidogo, akaridhika na kitu alichokisikia au asichokisikia, akaingia. Tangu siku hiyo hakukanyaga shamba lile bila hodi. Wapita njia walisimama wakatazama. Wengine walisema mtoto ameingiwa na kitu tangu mama yake afe.

Nilimwendea Mwinjilisti Masanja baada ya ibada nimwombe amsahihishe. Alikuwa anafunga turubai kwa kamba za katani. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika nguzo. "Ni Shama," akasema. "Yehova Shama. Nabii Ezekieli yuko uhamishoni, Velonika. Nyumba ya Mungu imebomolewa, watu wametawanywa, mmoja huku, mmoja kule. Anaonyeshwa mji mpya. Anaambiwa urefu wa kila lango na kila ukuta mpaka msomaji anachoka. Mwisho kabisa anaambiwa jina la mji. Mimi ningetegemea uitwe mji wa dhahabu. Hapana. Unaitwa Bwana yupo hapa. Basi, kitabu kimeisha." Akavuta kamba akaikaza. "Mimi Kiswahili nimejifunza ukubwani, kwa hiyo nakitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua, mpaka meno. Yuko si sawa na yupo. Ukisema yuko, yuko huko, labda Tabora, labda kwa jirani. Ukisema yumo, yumo ndani, unaweza kufunga mlango ukaondoka. Ukisema yupo, unamwonyesha kwa kidole." Nikamwuliza kama atamsahihisha Kalunde. Akafikiri. "Shamba lenu limelimwa kiasi gani?" Nikamwambia, hata nusu bado. "Basi ngoja kwanza," akasema. "Mimi nimefundisha jina. Yeye amelipeleka mahali. Sijui kama namzidi." Jumatano alikuja Misunkumilo na maksai wawili na plau, akalima sehemu iliyobaki huku anaimba Kisukuma, na kabla ya kuingia, mbele ya Paskali aliyekuwa tayari kwa kicheko, alisimamisha maksai kwenye ukingo akaita hodi.

Lakini nisiseme kwamba mimi niliamini. Nililima kwa sababu nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba nitalima. Yehova Yire nilimwelewa, na hata leo nikizunguka hapa mjini namwona ameandikwa kwenye bajaji, kwenye saluni, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni jina zuri, anatoa. Sijawahi kuona bajaji iliyoandikwa Yehova Shama. Nani aandike? Jina lile haliahidi kuleta kitu. Linasema yupo, basi. Na mimi wakati ule niliona kwamba kuwapo si msaada. Mama Zuberi akituletea bakuli la maharage, huo ni msaada. Mtu aliyekaa tu, hata akiwa Mungu, anasaidia nini? Nilikuwa na miaka kumi na saba, mikono imetoka malengelenge, na wenzangu walipita barabarani na soksi nyeupe.

Baba mdogo alikuja mara moja katikati ya msimu. Hakupiga hodi, hakuwahi kupiga. Aliingia tu, na buti zake, na harufu ya samaki, akapita sebuleni hadi jikoni akafunua sufuria. Ilikuwa na mlenda na uyoga tuliouokota porini. Akafunika. Akafungua chumba cha mama, akatazama kitanda kilichoegemezwa, akafunga polepole. Alikuwa ametuletea migebuka mikavu, fungu kubwa, na nilipomshukuru alinijibu kama mtu aliyekosewa. Wakati naipanga kwenye ungo nilimsikia nje akizungumza na Mama Zuberi. "Huyu msichana atachoka," alikuwa anasema. "Namwona mabega. Kaka yangu angenilaumu." Mama Zuberi akamjibu, "Akichoka utasikia. Umesikia?" Baba mdogo akasema, "Bado." Mama Zuberi akasema, "Basi nenda kwenye dagaa wako." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, maana mabega yangu yalikuwa kweli yamechoka, na nilikuwa sijajua kwamba yanaonekana.

Mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe pori waliingia. Tulifika asubuhi tukakuta upande wa bondeni umelala chini, mabua yametafunwa na kutemwa, udongo umefukuliwa kama vile mtu amelima kwa hasira. Paskali alitoa matusi aliyojifunza kwa wapiga debe wa stendi. Mimi niliketi. Niliketi palepale, kwenye tuta, nikaona lori la baba mdogo linasimama mlangoni, nikaona Paskali anapandishwa nyuma, nikaona Kalunde anashikwa mkono kwenda Inyonga. Nikasema kwa sauti, sijui namwambia nani, "Hakuna mtu hapa. Hakuna hata mmoja." Kalunde alikuwa amesimama nyuma yangu na kidumu cha maji. "Dada," akasema, "sogea." Nikamwuliza, "Nisogee wapi?" Akasema, "Hapo kidogo. Umemkalia nafasi yake."

Nikasogea. Siwezi kueleza kwa nini. Nilisogea kiasi cha mtu mmoja kukaa, Kalunde akaja akaketi upande wa pili, na kati yetu tukaacha nafasi. Tulikaa hivyo, watu wawili na nafasi moja, tukitazama mabua yaliyolala. Hakuna sauti iliyosema. Nguruwe hawakurudisha mahindi. Lakini nilikumbuka juma lililopita Kalunde alipopata homa, nami nikakaa kitandani kwake usiku na mchana nikimfuta jasho, sikuwa na uwezo wa kumtoa homa, na kila alipoamka aliuliza jambo moja tu, "Dada, upo?" Nikisema nipo, alilala. Hakuniuliza umeleta nini. Nikafahamu pale kwenye tuta kwamba kwa miezi ile yote mimi nilikuwa nikiwapa wadogo zangu kitu kile kile nilichokidharau kwa Mungu, na kwamba wao walikuwa wanakila na kushiba. Kisha Paskali, aliyekuwa ameingia porini, akarudi na fito, akatukuta tumekaa. "Mnasubiri nini?" akauliza. Tukaanza kujenga uzio. Tuliweka na kibanda, na tangu siku hiyo Paskali na mimi tulilinda kwa zamu, tukipiga debe hadi mikono ikafa ganzi. Nilicheka nilipokumbuka maneno ya baba mdogo. Kibanda cha kulindia ngedere si kitu cha kudharau, kama mtu yumo.

Lori lilikuja wakati tunavunja mahindi. Tulilisikia kabla ya kuliona, likanguruma barabarani na kuzima. Mimi nilikuwa kwenye rundo namenya, Paskali alikuwa ndani ya mahindi marefu yaliyokauka, haonekani, unasikia tu mabua yakivunjika. Baba mdogo akaja kwa hatua zake ndefu, kofia kichwani. Kalunde alikuwa ukingoni analinda maji ya kunywa. Akainuka. "Baba mdogo, simama."

Akasimama. "Kuna nini, nyoka?"

"Hujapiga hodi."

"Shambani?"

"Ndiyo."

"Nimpigie nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni kaka yangu, mama. Na kaka yangu hayupo."

"Siyo huyo," Kalunde akasema.

Baba mdogo alinitazama mimi, akisubiri nimkemee mtoto. Nilikuwa na hindi mkononi, nikaendelea kulimenya. Nilijua lori limekuja kuchukua nini. Akatazama rundo. Akatazama uzio wa fito. Akavua kofia, sidhani kama alijua anaivua. "Hodi," akasema kwa sauti ya chini.

"Kwa nguvu," Kalunde akamwambia. "Shamba ni kubwa."

"Hodi," akaita, kwa sauti yake ya ziwani. "Wenyewe wapo?"

Na kutoka katikati ya mahindi, Paskali, ambaye sauti yake ilikuwa imebadilika msimu ule na baba mdogo alikuwa hajaisikia, ambaye hakujua nani anaita wala kwa nini, akajibu kwa sauti nzito ya mwanaume, "Tupo. Karibu."

Baba mdogo aliruka nyuma hatua nzima. Baadaye alisema ni jua lililompiga machoni, lakini sisi tuliona. Sauti ile ilikuwa ya baba yetu. Alisimama ameshika kofia kifuani mpaka mabua yakaachana na Paskali akatokea, vumbi hadi kwenye kope, gunia begani. Wakatazamana. Kisha baba mdogo akaanza kucheka, akacheka mpaka akachuchumaa, na katikati kicheko kikageuka kitu kingine, naye akajifuta uso kwa kofia. Hakusema lolote kuhusu Karema wala Inyonga. Alivua koti, akalitundika kwenye uzio, akauliza, "Magunia mengine yako wapi?" Akavunja mahindi na sisi hadi jioni. Na lori lililokuja kuwachukua watoto likabeba mahindi, na watoto wakapanda juu ya magunia, Kalunde akishikilia shati la baba mdogo aliyepanda nao ili asianguke, wakashushwa wote Makanyagio, mlangoni kwao.

Sikurudi shule, na kuna siku bado naota soksi nyeupe. Kalunde alikuja kujua jina sahihi, bila shaka. Alilisoma mwenyewe alipokuwa sekondari, akanipigia simu kwa hasira. "Dada, kumbe ni Shama. Mbona mliniacha?" Nikamwambia tulikuwa tunalima. Baba mdogo aliendelea kuja na migebuka yake kila msimu, akiingia kama upepo, akifunua sufuria, na kila mara Kalunde alimshika mkono akamrudisha nje, "Baba mdogo, anza upya," naye akatoka akasimama uani kama mtoto wa shule akapiga hodi, na sisi tukajibu wote watatu. Hakuzoea mpaka mwisho.

Tulipokaribia mjini, mabati ya Misunkumilo yakianza kuonekana, nilimgeukia Kalunde nikamwuliza hodi ile ya kaburini ilikuwa ya nini. Alikuwa ameegemea dirisha, amechoka.

"Nilipiga kwa niaba yake," akasema. "Si unamjua baba mdogo, dada. Angeingia hivi hivi."